Kishikwambi cha Majaribio na Mkono wa Baba

Kishikwambi kile nilipewa kwa sababu ya mdomo wangu. Mkuu wetu wa shule alinisimamisha kwenye korido Jumatatu asubuhi, akanieleza kwamba kuna muuzaji amekiacha tukijaribu kwa wiki nzima, na tukikipenda bodi ya shule itafikiria kununua vya idara zote. "Nikimpa mwingine ataniandikia sifa tupu ili abaki nacho," alisema. "Wewe utaniambia ukweli hata nisipouliza." Nilicheka kwa adabu tu. Wiki ile sikuwa na akili ya kujaribu hata kiatu dukani.

Nilikifungua mezani kwangu. Hakikufanana na vile vishikwambi ambavyo walimu tumezoea, vilivyojaa mikwaruzo na katuni za watoto. Hiki kilikuwa chembamba, unakiinua kwa vidole viwili. Kibodi yake ilikuwa imevikwa kitambaa cha kijivu na ilishikamana na kioo kwa sumaku. Ukitaka unaibandua, unabaki na kioo kitupu. Ubavuni kulikuwa na kalamu nyeupe, nayo imenata kwa sumaku, na ukiandika nayo juu ya kioo maandishi yanatoka kama ya wino. Mkuu alitaka maoni juu ya mambo ya kawaida: uzito, chaji, kibodi, kalamu, kama kioo kinasomeka juani. Nikakitia kwenye mkoba, nikaenda kufundisha ramani Kidato cha Pili, lakini mawazo yote yalikuwa kwa baba.

Baba alikuwa nyumbani kwangu Izia, hapa Sumbawanga, tangu alipopigwa na kiharusi. Kilimkuta kijijini kwetu Msanzi, shambani kwake, akikagua maharage, na mpaka watu wamfikishe hospitali mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimeshalala. Na ulimi pia. Daktari alituambia akili yake iko pale pale, anasikia na anaelewa kila kitu, ila ulimi na koo ndivyo havimtii. Kwa mtu mwingine labda hiyo ingekuwa nafuu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, mtu wa maneno, mtu wa kusahihisha mpaka matangazo ya kanisani. Sauti aliyobakiwa nayo ilikuwa moja tu, "eee", ya njaa na ya maumivu na ya salamu, yote hiyo hiyo.

Nilimhudumia mwenyewe. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Kabla hakujapambazuka nilikuwa nimeshamgeuza, nimemwosha, nimempikia uji wa ulezi na kumlisha kijiko kwa kijiko, ndipo nikimbilie shule, na jirani yangu mmoja, mama mjane, alikaa naye mpaka nirudi. Mume wangu alishafariki na watoto wako vyuoni, kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu na baba. Kiti chake alinionyesha kwa kidole nikigeuze, mgongo uelekee mlangoni. Nilidhani mwanga unamuumiza macho. Kiuno kiliniuma mpaka nikasahau kwamba kuna watu hawaumwi kiuno. Mtu akinipa pole nilikuwa naikataa.

Kaka yangu mkubwa yuko Dodoma. Ana nyumba isiyo na ngazi, mke wake ni muuguzi, na karibu nao kuna mahali pa mazoezi ya viungo. Tangu mwanzo alisema baba ahamie kwake, na tangu mwanzo mimi nilisema baba hataki. Tena sikuwa natunga, nilikuwa naona kwa macho yangu. Kila kaka alipopiga simu, nikaweka sauti kubwa, akasema, "Baba, njoo tukae wote huku," baba aliinamisha kichwa akajipiga paja kwa ule mkono wake mzima, pa, pa, pa.

"Umesikia?" nilimwambia kaka. "Anajipiga. Hataki."

"Wewe ndiye hutaki," alinijibu mara ya mwisho tulipozungumza. "Umebeba peke yako mpaka unaona ni sifa."

"Baba si mzigo," nikamwambia, nikakata simu. Nilikasirika, maana aliyesema hivyo ni mtu anayekuja Krismasi na kuondoka kabla mwaka haujaisha.

Jumamosi ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Kaka angekuja kwa basi, baba mdogo angekuja kutoka Msanzi, tukae, tuamue. Yaani sisi watatu tukae sebuleni kuamua mzee mwenye akili zake timamu alale wapi na aamkie wapi. Na azikwe wapi, kwa sababu mtu wa umri ule akipelekwa mbali kiasi hicho, hata kama hamlisemi, kila mtu analijua. Naye yuko pale pale kwenye kiti, anasikia. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Nilitaka aseme mwenyewe, na nilikuwa na hakika atasema anabaki na mimi.

Mtu anaweza kuuliza, si angetikisa kichwa? Ukimwuliza ndiyo au hapana, aliinamisha tu kichwa. Si angeandika kwa mkono wa kushoto? Tulijaribu. Mwanzoni kabisa nilimpa daftari na peni. Lakini hapo ni lazima niseme kuhusu mwandiko wa baba. Watu wa Msanzi waliofundishwa naye hadi leo wanaandika herufi zilizosimama wima kama zake, na ukikuta bango la zamani la kijiji unajua ni mkono wake bila kuuliza. Kukata neno kwake ilikuwa aibu. Mwanafunzi aliyekata neno alirudia ukurasa wote. Basi siku ile akashika peni kwa kushoto, daftari likateleza, peni ikachana karatasi, na kilichotoka kilikuwa minyoo mitupu. Akakitazama. Akaing'oa ile karatasi kwa mkono na meno, akaifinyanga, akaikalia ili nisiione. Tangu siku hiyo ukimwonyesha daftari anafumba macho.

Halafu kuna suala la mkono wenyewe. Mimi nilizaliwa wa kushoto. Nilipoanza darasa la kwanza, darasani kwake, baba alinifunga mkono huo kwa kitambaa cha mama mbele ya wenzangu, kwa sababu kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, haupokei, hauli, na kwa baba haukuandika. Leo naandika kwa kulia, tena vizuri, ila kisu cha kumenyea viazi nakishika kwa kushoto mpaka kesho. Sikuwahi kumlaumu. Au labda nilimlaumu, ni zamani, sikumbuki vizuri.

Jumanne jioni nilikaa mezani kufanya kazi ya mkuu, baba akiwa kwenye kiti chake karibu na jiko la mkaa. Sumbawanga mvua ikinyesha mchana, jioni baridi yake haina mchezo. Nikabandua kibodi. Nikachora mlima kwa mistari ya kontua, nikachora mto, nikakosea, nikagusa penye kifutio. Mto ukatoweka. Kwenye karatasi ufutio unaacha doa na mkwaruzo. Hapa palibaki peupe kama hapajaguswa. Nikachora tena, nikafuta tena. Nilipoinua macho, baba alikuwa ameacha kutazama moto. Alikuwa anatazama kioo.

Niliinuka haraka mpaka nikajigonga na meza, nikamwekea kishikwambi magotini juu ya blanketi, nikachukua kalamu nikaipachika kwenye vidole vyake vya kushoto.

"Andika, baba. Hapa hakiharibiki kitu. Ukikosea tunafuta, hakuna atakayejua."

Aliitazama kalamu mkononi mwake kwa muda. Kisha akaiachia ikaanguka, mkono akauficha chini ya blanketi.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mgonjwa, ndiyo. "Haya, kaa hivyo hivyo," nikamwambia. "Jumamosi watakubeba kama gunia, usije ukaniangalia mimi." Nikapiga magoti kutafuta kalamu, nikaichomoa chini ya kabati, nikaandika maoni ya mkuu kwa hasira: kalamu ni nyepesi mno, inateleza, ikianguka inabingirika mpaka pasipofikika. Baba akautoa mkono, akajipiga paja taratibu. Nikajua ananijibu hasira kwa hasira. Tulilala bila kuagana.

Jumatano sikukigusa. Alhamisi ndipo kibodi iliponionyesha ubovu wake.

Mvua ilikuwa imekatika saa za kutoka shule. Mkoba wangu ulijaa madaftari ya wanafunzi, kwa hiyo kishikwambi nilikifunga kwenye kanga nikakikumbatia kifuani. Njia ya kwetu, ukishaziacha nyumba za mbele, inapita kando ya mashamba, na siku za mvua inakuwa tope la kukuvua viatu. Nikakutana na bibi mmoja wa mtaani kwetu anatoka kulima, jembe begani.

Sasa, kwetu mtu mzima humsalimii kwa mdomo tu. Unapinda magoti kidogo, unakutanisha viganja, unapiga makofi taratibu huku unasema shikamoo. Ukipewa kitu, makofi. Ukikaribishwa mahali, makofi. Vijana wa mjini wameacha, wao ni mambo na poa, lakini mimi nimelelewa Msanzi, mikono inakwenda yenyewe. Nikapinda magoti, na papo hapo nikahisi kibodi imeachia sumaku zake, inaponyoka ndani ya kanga. Nikaibana kwa mkono mmoja na kidevu, maana chini ni tope na kitu si changu. Mkono wa pili, bila kuniuliza, ukajipiga pajani. Pa, pa, pa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

Akapita na jembe lake. Hakushangaa chochote, kwani alikuwa amesalimiwa ipasavyo. Nami nikapiga hatua chache, nikasimama. Niliutazama mkono wangu. Nikajipiga tena paja, pale pale njiani, peke yangu. Mtu angeniona angesema na mimi ugonjwa umenipata.

Baba alikuwa anapiga makofi. Miezi yote ile. Mwanawe anamwambia karibu kwangu, naye anapokea ukaribisho kwa heshima, kama alivyofundishwa na kama alivyotufundisha, kwa mkono mmoja aliobaki nao. Na mimi, mtoto wa Msanzi, nikakaa hapo na simu yangu nikimtafsiria kaka kwamba mzee anajipiga kwa hasira. Nikakumbuka kila nilipomlisha kijiko cha mwisho cha uji jinsi alivyokuwa anajipiga paja, nami namwambia, "Basi, basi, nimeelewa, umeshiba." Alikuwa ananishukuru, na mimi nilikuwa namnyamazisha. Nikakumbuka na Jumanne, nilipomwambia maneno yale ya gunia.

Lakini nikajishika. Kushukuru si kukubali. Kwetu hata unayemkatalia unampigia makofi kwanza, ndipo unamkatalia. Kwa hiyo bado hakuna aliyejua baba anataka nini, na siku zilikuwa zimekwisha. Nilitembea mpaka nyumbani nikishikilia hilo: anashukuru tu, haendi.

Ijumaa niliomba ruhusa mchana. Jua lilikuwa limetoka, na mkuu alitaka kioo kijaribiwe juani, basi nikamtoa baba barazani na kiti chake, nikamfunika blanketi, nikamgeuza atazame ukuta kama apendavyo. Mimi nikakaa chini mbele yake. Nikapiga makofi, nikamwamkia. Akajipiga paja.

"Nimeyaona makofi yako, baba," nikamwambia. "Nimechelewa, lakini nimeyaona."

Akafumba macho. Sikumharakisha. Kisha nikachukua kalamu kwa mkono wangu wa kushoto, ule ule aliowahi kuufunga, nikaandika jina la shule yetu ya Msanzi. Mkono umeshasahau. Herufi zilikwenda upogo, nyingine kubwa nyingine ndogo, kama za mtoto wa chekechea. Nikamwonyesha. Nikafuta, kioo kikawa cheupe.

"Mwalimu," nikamwita hivyo, kama nilivyokuwa namwita darasani ambako hakutaka kuitwa baba, "naomba ruhusa leo tuandike kwa kushoto."

Alinitazama usoni, akatazama kalamu. Mdomo ulimchezacheza upande ule unaofanya kazi, na mpaka leo sijui kama alicheka au alitaka kulia. Akautoa mkono. Nikapiga magoti, nikampa kalamu kwa mikono miwili. Hakuishika mara moja. Aliipokea kwa kushoto, akaigusisha kwanza kwenye ule mkono wa kulia uliolala pajani, ili ihesabike imepokewa na mikono yote miwili. Ndipo akaishika.

Aliandika mstari wa "a", akafuta. Akaandika "a" nyingine, akafuta. Nilikishika kioo kisiteleze, mikono ikaniwia mizito. Aliandika na kufuta kama mwanafunzi wake mwenyewe, mpaka herufi zikaanza kusimama. Hazikuwa nzuri. Zilisomeka.

"Baba," nikasema, "kaka anakuja kesho. Unataka kubaki hapa na mimi?"

Najua nilivyoliuliza. Nililiuliza kwa namna ambayo mtu mwenye huruma hawezi kukataa.

Alianza kuandika. Ilitoka U, ikatoka M, nikadhani anaandika jina la mtu. Ikaja E. Alipumzika. Akamalizia: UMECHOKA.

"Sijachoka," nikasema upesi.

Akapiga mstari chini ya neno.

"Baba, sijachoka mimi. Nani amekuambia nimechoka?"

Akanyoosha kalamu kuelekea kiunoni kwangu. Nilikuwa nimekishika kiuno kwa mkono mmoja, hata sikujua tangu saa ngapi. Nikauondoa mkono. Akagusa kifutio, neno likaondoka, akaandika jingine, na hili alilichukulia muda mrefu zaidi kwa sababu alitaka herufi zikae kwenye mstari mmoja. NIENDE.

Nilianza kusema maneno mengi. Nilimwambia Dodoma ni jua na vumbi, hakuna samaki wetu wa migebuka, hakuna ulezi wa kwetu, hakuna mtu wa kuzungumza naye Kifipa. Nilimwambia hapa kila anayepita anamjua, wanamwita Mwalimu, wanasimama kumwamkia. "Kule, baba, hakuna hata mtu mmoja anayekujua."

Akachora alama ya vema. Ile ile aliyokuwa anatuwekea kwenye madaftari, mkia mfupi na mkono mrefu, na hiyo ilitoka imenyooka kuliko herufi zake zote.

Nilikaa pale chini barazani nikaelewa kiti kilichogeuzwa. Haukuwa mwanga. Ni watu waliokuwa wanasimama mlangoni kumpigia makofi mwalimu wao, mikono miwili, na yeye anarudisha kwa paja. Alikuwa anaona aibu kila siku, na mimi kila siku nilikuwa nawakaribisha ndani ili wamchangamshe. Nililia, ndiyo, nilimlilia miguuni kama mtoto. Alinipapasa kichwa kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haumpi mtu kitu.

Nilipoinuka kujifuta uso, alikuwa ameshagusa kifutio. Hakuna neno, hakuna vema, kioo cheupe. Akanirudishia kalamu akafumba macho. Hakutaka mwandiko ule uonwe na mtu mwingine, na kwa sababu hiyo hakukuwa na chochote cha kuonyesha kikaoni isipokuwa mdomo wangu.

Mnaelewa nilipokuwa nimesimama. Kulipokucha Jumamosi nilikuwa najua kwamba nikinyamaza anabaki. Kaka atauliza, baba atajipiga paja, wote watanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkalimani wake, nami nitasema, mnaona wenyewe. Hakuna uongo nitakaosema. Wala baba hawezi kunisema. Nilipika chai, nikakaanga viazi, nikapanga viti, na wazo hilo lilikuwa nami muda wote jikoni, na sikulifukuza.

Kaka aliingia amevimba macho kwa safari. Baba mdogo alikuja na kuku na debe la maharage mabichi. Tukala, tukasali. Kaka akakohoa, akaanza hotuba aliyoiandaa njiani, kuhusu mazoezi, kuhusu wifi yangu na ujuzi wake, kuhusu mimi na kazi yangu. Alikuwa anasema huku ananiangalia kwa jicho la kujihami, amekuja amejiandaa kwa vita. Mwisho akamgeukia baba.

"Baba, unasemaje? Njoo tukae wote."

Baba akainamisha kichwa, akajipiga paja. Pa, pa, pa. Baba mdogo akanitazama. Kaka akanitazama, akashusha pumzi, akaegemea kiti kama mtu aliyeshashindwa. Baba peke yake ndiye hakunitazama. Alitazama sakafu. Aliniachia.

"Hajipigi," nikasema. Nikarudia kwa sauti zaidi. "Hajipigi, kaka. Anapiga makofi. Anakushukuru." Hapo pangetosha, ningeweza kuishia hapo. "Na anakwenda. Aliniambia mwenyewe jana."

Maneno yote kaka aliyokuja nayo yalikuwa ya kugombana. Akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha baba, mtu mzima na tumbo lake, akaanza kupiga makofi na kulia kwa pamoja. Baba mdogo akasema, "Basi, imekwisha," akaomba chai nyingine. Mimi nikaenda jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa.

Waliondoka Jumatatu alfajiri. Tulimpakia baba kwenye kiti cha mbele, tukamzungushia mito, nikamfunga ile kanga niliyofungia kishikwambi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilimpigia makofi pale chini ya dirisha la basi. Akanirudishia, nilimwona bega likitikisika, paja halikuonekana dirishani.

Kutoka stendi nilikwenda moja kwa moja shuleni kurudisha mali ya watu. Mkuu alisoma maoni yangu amesimama. Niliandika kuwa chaji inakaa, kioo juani kinasomeka ukiketi vizuri, sumaku za kibodi ni dhaifu na mwenye kutembea nacho atakuja kukiangusha. Kalamu inafaa, hata kwa mkono wa kushoto. Kasoro: kinachofutwa hakiachi alama yoyote, mtu hawezi kurudi kukitazama.

"Hiyo si kasoro," mkuu alisema. "Si ndiyo kazi ya kifutio?"

"Ndiyo kazi yake," nikamwambia.

"Sasa tununue au tusinunue?"

"Sijui, mkuu." Alinishangaa, maana hakuzoea kunisikia nikisema hivyo.

Jioni nilirudi kwa njia ile ile. Tope lilikuwa limekauka kidogo. Bibi wa jembe alikuwa kwenye shamba lake, akaniona, akasimama anisubiri. Nikapinda magoti nikapiga makofi, viganja vyote viwili, taratibu, yakasikika vizuri kabisa. Akaniuliza baba hajambo. Nikamwambia hajambo, amekwenda kwa kaka. Akanitazama mikono, akasema leo umetoka shule mikono mitupu. Nikamwambia ndiyo, bibi, leo sikubeba kitu.